Redio, Kishikwambi na Baiskeli ya Mratibu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi, Bujonde, Wilaya ya Kyela



Mimi sikusoma katika shule hii, lakini wengi mlioketi hapa mbele niliwafundisha kusoma na kuhesabu mkiwa shule ya msingi. Sauti zenu bado nazitambua, ingawa vipara vimewabadilisha sura.

Katibu ameniomba niseme neno juu ya mwalimu na vyombo vipya vya elimu, kwa kuwa ajenda ya mchana ni mchango wa kununua kompyuta. Niseme mapema kwamba kompyuta naziunga mkono. Ninachokipinga ni mpango unaoishia kwenye bei ya mashine.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, TANU iliamua kule Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwapo, walimu hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Ndipo tukachukuliwa sisi vijana tuliomaliza darasa la saba, tukawa walimu huku tukijifunza ualimu.

Mafunzo yalichukua miaka mitatu. Sehemu ya siku ulifundisha, sehemu ulisoma. Masomo yalikuja kwa posta na kwa redio, kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Msicheke, vijana, hiyo ndiyo ilikuwa mitambo ya kisasa ya wakati wetu. Mtaalamu alisema Dar es Salaam, akasikika Bujonde na Bukoba kwa dakika ileile. Betri zikichoka tulizianika juani. Jioni nyingine sauti za Malawi, iliyo hapo ng'ambo ya Songwe, zilimeza kipindi kizima. Na mvua ya Kyela mnaijua, ikipiga juu ya bati hata mtu wa pembeni humsikii.

Somo likipotea hivyo, tulifanyaje? Alikuwapo mratibu wa elimu wa kata. Alikuja kwa baiskeli, na wakati wa masika alikuja ameibeba yeye baiskeli. Aliketi nasi akauliza: mmesikia nini, na nini hakikueleweka? Alisahihisha kazi zetu, na asubuhi akakaa nyuma ya darasa kututazama tukifundisha. Somo la redio juu ya kufundisha kugawanya lilinipita mara mbili. Nililielewa siku mratibu alipomwaga punje za mpunga juu ya meza, akawaita watoto wanne wagawane sawasawa, kisha akanyamaza na kuwaacha wabishane juu ya punje zilizobaki. Redio isingeweza kuona uso wangu ikajua kwamba sijaelewa.

Watu walitutania kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Hata hivyo, zaidi ya watu 35,000 tulifuzu kwa njia hiyo, na wengi wenu hapa mmepita mikononi mwetu.

Tuje karibu. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalirudi redioni na kwenye runinga. Vipindi nilivisikiliza mwenyewe, vilikuwa vizuri. Lakini yalikuwa masika, watoto wengi wa huku walikuwa mashambani wakiamia ndege kwenye mpunga, na kijijini kwetu sikuona mtu aliyewapitia kuwauliza wamesikia nini. Kidato cha sita walirudi Juni mosi, wengine wote Juni 29. Vyombo vya 2020 vilikuwa bora kuliko redio yetu ya betri. Baiskeli ndiyo iliyokosekana.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Ni jambo kubwa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu kwenye maktaba mtandao, na mwalimu aliyekuwa akigombania nakala moja na wenzake sasa anaweza kuwa nayo mkononi. Tena katika mafunzo ya walimu kazini, yale ya MEWAKA, mwalimu hujisomea mtandaoni kisha hukutana na wenzake shuleni kujadiliana. Aliyebuni mpango huo, kwa maoni yangu, aliikumbuka baiskeli.

Vijana mtaniambia kuna mashine inayojibu kila swali, na kwa Kiswahili. Nimeijaribu kwenye simu ya mjukuu wangu. Inajibu upesi na kwa adabu. Mara moja ilikosea hesabu kwa adabu ileile. Mimi naijua hesabu, nikaona. Mtoto wa kidato cha kwanza ataonaje?

Basi nirudi kwenye ajenda. Kama mlikusudia kompyuta ishirini, nunueni kumi. Fedha inayobaki ilipe bando, fundi, na posho ya mwalimu mmoja atakayekaa katika chumba hicho kila alasiri. Awaonyeshe majaribio ya sayansi ambayo maabara yetu haina vifaa vyake, na baada ya kila onyesho aulize. Meza ziwe ndefu na soketi ziwe juu ukutani, maana maji ya Aprili hayabishi hodi. Ndugu Mweka Hazina ananitazama vibaya, lakini nimemaliza upande wake.

La mwisho halihitaji fedha. Ninyi mlioko Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, kila mmoja achukue wanafunzi wawili wa kidato cha pili. Mara moja kwa wiki apige simu ya mzazi au ya mwalimu, aulize yale maswali mawili ya mratibu. Orodha yao iko kwa mwalimu wa taaluma, amekaa pale mlangoni. Pembeni ya kila jina la mwanafunzi ameacha nafasi ya jina la mhitimu, na kalamu anayo.