Nafasi katika Diski na Usalama wa Nyaraka za Mwananchi



Tangu Dunda hadi Mlingotini, nyaraka za mkazi hazikai tena sandukuni peke yake. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya kiwanja na muhtasari wa kikao cha kikundi hupelekwa steshenari, vikaskaniwa na kuhifadhiwa katika flashi au kompyuta. Hatari huja siku chombo hicho kinapoonyesha kwamba kimejaa. Mwenye mali huharakisha kufuta, na mara nyingi hufuta kile chenye thamani kubwa na uzito mdogo.

Yafaa basi kufahamu jinsi faili linavyochukua nafasi. Diski imegawanywa katika vyumba vidogo vilivyo sawa. Katika kompyuta nyingi kila chumba ni baiti 4,096, yaani kilobaiti 4, na mafaili mawili hayakai chumba kimoja. Ni mfano wa tenga la samaki linalopakiwa garini: liwe na samaki mmoja au limejaa pomoni, nafasi yake garini ni ile ile. Hivyo barua ya kilobaiti 1 huchukua kilobaiti 4, na ya kilobaiti 5 huchukua 8. Ndiyo sababu kompyuta huonyesha tarakimu mbili: ukubwa wa faili, na nafasi linayochukua katika diski.

Katika baadhi ya flashi chumba hufikia kilobaiti 32. Humo barua 1,000 za kilobaiti moja moja, ambazo zote pamoja ni takriban megabaiti 1, huchukua takriban megabaiti 32. Dawa yake ni kuzikusanya katika faili moja lililobanwa.

Hata hivyo, mlaji mkuu wa nafasi si barua. Dakika moja ya video ya harusi iliyopigwa kwa simu huweza kufikia megabaiti 100. Nafasi hiyo ingetosha barua takriban 25,000 za kilobaiti 4. Anayefuta hati ili apate nafasi hupoteza kumbukumbu, na nafasi asiipate.

Wapo pia wanaodhani wamepunjwa dukani, kwa kuwa diski ya gigabaiti 500 huonekana kuwa na 465 tu. Hakuna kilichopunguzwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024.

Kufuta nako kuna mambo mawili. Kwanza, faili lililofutwa kwenye kompyuta huingia katika pipa la taka, na nafasi yake hairudi mpaka pipa limwagwe. Pili, hata baada ya kumwagwa, yaliyomo huweza kubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Aliyefuta hati kwa makosa aache mara moja kuandika chochote katika chombo hicho na atafute fundi. Naye anayegawa au kuuza flashi yenye siri zake ajue kwamba kufuta peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo, chombo kinapojaa, mkazi apange mafaili kwa ukubwa, aanze na video na nakala zilizojirudia, na hati aziache mwisho. Kisha kila hati iwe na nakala mbili, katika vyombo viwili, mahali pawili. Akiba haiozi.