"Ni Kweli": Maneno Mawili Mbele ya Hakimu

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu zangu tuliokunywa uji wa jiko moja, nanyi wanafunzi mlioko sasa:

Nimeombwa niseme juu ya haki za mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai hapa kwetu Tanzania. Mwenyekiti amenisihi nisiwachoshe, kwa hiyo sitawasomea Katiba yote. Nitasema zaidi juu ya maneno mawili, "ni kweli", kwani katika miaka yangu ya uhakimu niliona watu wakifungwa kwa maneno hayo bila shahidi hata mmoja kuitwa.

Mwaka 1979, nikiwa hakimu kijana katika mahakama moja ya wilaya, aliletwa mbele yangu fundi seremala aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Akasomewa shtaka. Nikamwuliza kama ni kweli au si kweli. Akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa, niliichukua." Nikaandika kwamba amekiri kosa. Mwendesha mashtaka akatoa maelezo ya sentensi mbili, nami nikampa miezi sita. Shauri zima halikuzidi robo saa, na siku ile nilijiona hodari wa kumaliza kesi.

Alikuwa amekwisha kutumikia karibu miezi mitatu jalada liliporudi kutoka Mahakama Kuu, hukumu yangu imefutwa. Askari magereza mmoja ndiye aliyemsaidia kuandika rufaa. Kumbe baiskeli ilikuwa yake. Alimwuzia jirani kwa mafungu, jirani akalipa fungu la kwanza akanyamaza, naye akaenda kuichukua mchana kweupe. Kama alikuwa na haki ya kufanya hivyo au hakuwa nayo, hilo ni shauri la madai. Lakini mtu anayechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake, huyo si mwizi. Mimi sikumwuliza kwa nini aliichukua. Jaji aliliandika jambo hilo kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ukali.

Tena sikuwa na udhuru. Tangu mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, ilikwisha kueleza njia ya kufuata. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa, jambo kwa jambo, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, upande wa mashtaka utoe maelezo ya tukio, naye aulizwe kama anayakubali. Akipinga jambo la maana, au akitoa sababu inayoonyesha huenda hana kosa, kukiri kule hufutwa na kesi husikilizwa kwa mashahidi. Njia hiyo inafuatwa mpaka leo.

Basi ukisimama pale, usijibu kwa mkato ili mambo yaishe. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Kama ulifanya lakini kwa sababu fulani, itaje sababu hiyo papo hapo. Kukana shtaka si kusema uongo wala si ukaidi. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe, na kuthibitisha ni mzigo wao. Ukikiri sawasawa, kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, ila adhabu tu.

Mara nyingi mambo huharibika kabla ya mahakamani, pale kituoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka uelezwe sababu ya kukamatwa. Jina na anwani utataja, lakini maswali juu ya kosa hulazimiki kuyajibu. Una haki ya kuomba ndugu au wakili apewe habari. Maelezo yakiandikwa, yasome au usomewe, na palipokosewa pasahihishwe kabla hujatia sahihi. Wengi hutia sahihi kwa kuwa wana njaa na wanataka kwenda nyumbani. Siwacheki.

Kosa lisipokuwa zito, na kama hawawezi kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, polisi hukupa dhamana. Dhamana haiuzwi, anayekudai chochote cha mfukoni anakuibia. Hata hivyo yako makosa yasiyo na dhamana, kama vile mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha.

Ninyi wanafunzi mlio chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewawekea Mahakama ya Watoto, ambako watu baki hawaingii kusikiliza. Mwiteni mzazi au mlezi mapema, hata kama mnaogopa fimbo yake. Na asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwa aliyefungwa na mahakama ya wilaya: kusudio la rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya hukumu. Ofisa wa gereza huipokea.

Yule seremala nilikutana naye sokoni mwaka uliofuata. Alinisalimu kwanza yeye. Nilimwomba radhi, akaniuliza kama mahakama ingemrudishia ile baiskeli, maana ilikuwa bado imefungiwa stoo kama kielelezo. Kesho yake nilikwenda kuitoa mwenyewe. Matairi yote mawili yalikuwa yamekwisha oza.

Naona kengele ya chakula imelia, Ndugu Mwenyekiti. Mwenye swali atanikuta pale chini ya mwembe.