Barabara ni ya Nani?



Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia, kilomita 27, toka Mlolongo mpaka Westlands. Mwenye motokaa hulipa akapita. Mwenda kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Na sisi tukaao Kangemi na Kawangware? Twaamka alfajiri, twatembea kando ya magari hata kazini, kwani tukilipa nauli ya matatu kila siku, unga hautoshi nyumbani.

Sisi wa reli twajua: watu wa behewa moja, kila mtu akipanda motokaa yake, barabara itajaa. Na reli ya Kikuyu yapita Kibera na Dagoretti. Basi tudai treni zaidi asubuhi na jioni, njia ya mabasi pekee, na njia salama za miguu. Tudai sote pamoja.