KAZI YA KUKINGA MITI NA MARADHI

(Maneno ya mwenzetu wa kitalu cha miti, aliyoyasema katika mkutano wa tawi.)



Nimeombwa niseme habari za kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni kazi, nayo ni kuikinga miti na wadudu na maradhi.

Mti huugua kama mtu. Mwaka 1990 vidukari wa saipresi waliingia Kenya; Malawi walikuwa wameonekana tangu 1986. Mdudu huyu ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hukaa kwenye matawi akifyonza maji ya mti, na matawi hukauka kuanzia ndani, hata pengine mti wote ukafa. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukungu ulishambulia majani ya paini aina ya radiata, hata upandaji wa mti ule ukaachwa. Mwaka 2002 nyigu mdogo wa mikaratusi alionekana magharibi ya Kenya. Hutaga mayai katika majani machanga, na miche huota vinundu na kudumaa. Miti ikifa, kiwanda cha mbao hukosa magogo, nasi hurudi nyumbani bila mshahara.

Wengi hudhani dawa ni kupiga sumu tu. Sivyo. Msitu ni mkubwa, na sumu ni ghali. Kwa vidukari, wataalamu walileta nyigu mwingine kutoka Ulaya, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari, na mtoto wake humla akiwa humo humo. Kazi nyingine ni ya mikono: kupogoa kwa wakati, kupunguza miti iliyosongana, kuchoma miche migonjwa, na kukagua kila mche kabla haujatoka kitaluni.

Basi nani auonaye ugonjwa kwanza? Si mtaalamu wa Muguga, ila ni kibarua mwenye ndoo ya maji. Mimi niliwahi kuona miche ya saipresi ikibadilika rangi, nikamwambia msimamizi. Akanijibu, "Wewe kazi yako ni kumwagilia." Miche ile ikapakiwa katika lori, ikapelekwa kupandwa. Baadaye tulitumwa huko huko kuing'oa na kuichoma, nasi tulilipwa siku mbili kwa kazi ambayo neno moja lingaliizuia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vijana wetu wajue kwamba kazi hii ina ngazi. Mwenye macho makali kitaluni aweza kusoma Chuo cha Misitu cha Londiani, kilichoanza mwaka 1957, akapata cheti, kisha diploma, akawa mkaguzi au msaidizi wa mtaalamu. Lakini ngazi haipandwi na mtu afukuzwaye kila mvua ikiisha. Kila tunapobadilishwa, macho yaliyokwisha zoea hupotea, na wageni huanza upya.

Kwa hivyo naomba chama kishike mambo matatu. Kwanza, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi ahesabiwe kuwa mtu wa mwezi. Tuweke hesabu ya siku zetu kwa maandishi. Pili, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mavazi ya kujikinga mtu ashikaye vitu vya kudhuru. Asibebeshwe mtu bomba la dawa bila glavu, buti na kifuniko cha pua. Tatu, pawe na daftari kitaluni, ambamo kibarua ataandikisha ugonjwa aliouona, na msimamizi atie sahihi.

Hilo la tatu halina gharama kubwa. Daftari moja na kalamu moja. Lau lingalikuwako siku ile, miche yangu isingalipakiwa.