Mtoto wa Operesheni na Maradhi ya Pumu

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Eldoret, mwezi wa Ramadhan)

 



Kuna neno linalosemwa majumbani mwetu kwa minong'ono. Mtoto akibanwa na kifua usiku, au ngozi ikimwasha na kutoka ukurutu, utasikia: "Si huyu alizaliwa kwa operesheni? Mamake alishindwa kusukuma." Je, kuna ukweli hapo?

Maradhi haya ni ya mzio, tunayoyaita aleji. Mwili una askari wake. Askari wasipofunzwa vizuri hupigana hata na kisichodhuru, kama vumbi au chavua. Na hayako mbali nasi. Katika miaka ya 1990, na tena 2001, madaktari wa hapa Eldoret, akiwemo Profesa Fabian Esamai, waliwauliza wanafunzi wa Uasin Gishu wa miaka 13 na 14 kuhusu pumu, mafua ya aleji na ukurutu. Waliokuwa na dalili hawakuwa wachache.

Sasa, kuzaliwa kunaingiaje hapa? Mtoto anayepita njia ya kawaida hukutana na bakteria wa mamake, na wengi wao ni wema. Hao huingia tumboni mwake wakawa kama walimu wa kwanza wa wale askari. Mtoto wa operesheni huanza zaidi na bakteria wa ngozi. Watafiti walilionyesha hili mwaka 2010 kwa watoto waliozaliwa Venezuela.

Mwaka 2008 tafiti 23 zilikusanywa pamoja. Ikaonekana watoto wa operesheni hupata pumu zaidi kwa kiasi cha asilimia 20. Msishtuke! Maana yake ni hii: ikiwa katika watoto 100 wa njia ya kawaida 10 watapata pumu, basi katika 100 wa operesheni watakuwa kama 12. Waliobaki 88 hawana. Tena pengine sababu si kisu chenyewe, kwani mama anayepasuliwa mara nyingi alikuwa na matatizo mengine, au mtoto alizaliwa kabla ya wakati.

Kwa hivyo tusikosee pande mbili. Hapa Kenya waliojifungua kwa upasuaji walikuwa asilimia 9 mwaka 2014, na 17 mwaka 2022. Mwenye kutaka operesheni bila haja, kwa kuogopa uchungu tu, na amuulize daktari kwanza. Lakini daktari akisema maisha yamo hatarini, basi mume asikawie, na mama mkwe asikatae. Qur'an, katika Suratul Maida aya ya 32, imeitukuza mno kazi ya kuokoa nafsi moja. Pumu ina dawa, ndugu zangu. Mauti hayana.

Na kumlaumu mama aliyepasuliwa ni dhulma. Allah ametusimulia uchungu wa Bibi Maryam chini ya mtende, na hakumlaumu. Alimtuliza na kumpa tende na maji.

Tufanye nini basi? Kwanza, mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja, hata aliyezaliwa kwa operesheni ikiwezekana, na miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Maziwa hayo huwalisha wale bakteria wema. Suratul Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Na mwezi huu, mama anayenyonyesha akichelea afya yake au ya mtoto, sheria imempa ruhusa ya kufungua.

Pili, moshi. Eldoret yetu ni ya baridi. Tunafunga madirisha na jiko la makaa liko ndani. Pumu haipendi hivyo. Sigara, na hata udi na ubani, viwe mbali na chumba cha mtoto.

Tatu, mtoto akikorota kifua apelekwe hospitali. Akipewa inhela aitumie kama alivyoelekezwa, wala tusimfiche kwa aibu.

Allah awape shifaa watoto wetu, na awalipe mama zetu kila uchungu walioupata, kwa njia yoyote waliyotuzaa. Amin.