Mfupa Uliovunjika



Mtu akitaja mifupa, wengi wetu twakumbuka kaburi, au lile bonde la mifupa mikavu alilooneshwa nabii Ezekieli. Asubuhi hii nataka tutazame mifupa ya namna nyingine, yaani hii unayoitumia wewe kuketi hapo karibu na redio yako. Hiyo si mikavu. Inapitiwa na damu, nayo ina uhai.

Mama akitaka kujua mfupa umefanywa kwa nini, na achukue mfupa wa mguu wa kuku, auoshe, autie katika siki kwa siku kadhaa. Utalegea hata upindike kama mpira. Siki imeyaondoa madini, imebakiza nyuzi. Kisha achome mwingine katika makaa mpaka uwe mweupe. Huo utashika umbo lake, lakini ukiubana kidogo wavunjika vipande, kwa maana moto umekula nyuzi ukabakiza madini. Muumba aliviunganisha hivi viwili, kigumu na laini, na hakuna kimoja kiwezacho kumbeba mtu peke yake.

Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiwa bado na gegedu, kama ile ya sikio. Akikua vipande huungana, hata mtu mzima huwa na mifupa 206. Madaktari huigawa kwa umbo: mirefu kama wa paja, mifupi kama ile ya kifundo cha mkono, bapa kama ya fuvu, na ile isiyo na umbo moja kama pingili za mgongo. Hayo watoto wa shule wayajua, sitakawia hapo.

Nataka kukawia kwenye mfupa uliovunjika. Mara moja damu huganda mahali pale. Kwa majuma mawili matatu mwili huziba pengo kwa kitu laini, kisha hicho laini hugeuka mfupa polepole. Muundi wa mtu mzima waweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Angalieni, ndugu zangu: daktari hauungi mfupa. Yeye huunyosha, huufunga plasta, huuzuia usitikisike. Kuunga ni kazi ya uhai ambao Mungu ameutia ndani. Lakini ukitikiswa-tikiswa kila siku, kile kilicho laini hukatika, na mfupa waweza kukaa miezi mingi bila kuungana.

Sasa nasema nanyi wazee wa kanisa. Yuko kijana katika ushirika wenu aliyeanguka, naye ametubu. Lakini kila Jumapili husikia kisa chake kikizungushwa ndani ya mahubiri. Hukisikia tena katika maombi ya kikundi. Akifika mlangoni huulizwa, “Siku hizi waendeleaje?” kwa sauti ile ambayo sote twaijua. Tunaubonyeza mfupa kila juma tuone kama umeungana! Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya mtu wa namna hiyo, alitaka arejeshwe kwa upole.

Wengine nao humwacha kabisa, wakisema anapumzishwa. Mfupa usiobeba uzito hupungua. Wanaanga wakaao miezi mingi huko juu, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kama sehemu moja katika mia ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ndiyo sababu siku hufika daktari amwambie mgonjwa, “Haya, kanyaga,” ingawa bado aumwa. Basi yule kijana mpeni viti apange. Baadaye mpeni Biblia asome mbele ya watu, nanyi mketi kimya msikilize.

Tuombe. Baba, twamkumbuka mgonjwa aliyelala wodini na mguu wake katika plasta, na yule aketiye kiti cha nyuma kanisani karibu na mlango. Utushike mikono yetu tusiwaumize. Kwa jina la Yesu. Amina.