Diski Shingoni: Kumbukumbu za Shule na Kujiamini Ukubwani



Wengi wenu mnaijua diski. Kwa asiyeijua, ni kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Asubuhi huvishwa mtoto wa kwanza aliyesikika akisema Kigiriama au Kiswahili kiwanjani mwa shule badala ya Kiingereza. Naye, ili aivue, hana budi kutega sikio hadi mwenzake ateleze. Jioni huulizwa: nani anayo? Kapewa na nani? Majina hufuatana kurudi nyuma hadi yule wa asubuhi, na wote huchapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza ya namna hiyo yaliyotendeka kwao Limuru, katika Decolonising the Mind (1986). Sisi wa Pwani ya Kenya hatukuhitaji kitabu ili tuyajue.

Husemwa kwamba diski ilizidhalilisha lugha zetu. Ni kweli, ila mimi naumizwa zaidi na jambo jingine. Hebu fikirini ni mtoto yupi aliyefika jioni salama. Hata hodari wa Kiingereza angekanyaga mwiba akamwita mamake kwa Kigiriama. Aliyesalimika ni yule aliyenyamaza kutwa. Kiingereza hakuongeza hata neno. Alichohitimu ni kimya.

Mtoto huyo namwona katika semina zangu, sasa ana ndevu. Jibu analijua. Humwandikia jirani pembezoni mwa daftari, jirani akalisema, akasifiwa. Kipindi kikiisha hunifuata barazani: “Mwalimu, nilikuwa na swali dogo.” Swali lenyewe huwa zito kuliko yote yaliyoulizwa ndani.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba chanzo kikuu cha imani ya mtu katika uwezo wake ni kuwahi kulifanya jambo akafaulu. Maneno ya kutiwa moyo hayana nguvu hiyo. Ndiyo maana siku hizi wageni wa heshima wanapowahimiza vijana wajiamini, mimi hutazama saa. Mtu hajiamini kwa amri.

Na anayedhani kwamba vijana wetu hawana ulimi wa lugha za kigeni, aende Malindi. Ufuoni atawakuta vijana, wengine hawakufika sekondari, wakipatana bei, wakitaniana na hata kugombana na watalii kwa Kiitaliano. Walipokuwa wakijifunza walikosea kila siku, na hakuna aliyewavisha kitu. Mwite mmoja wao mbele ya afisa wa kaunti umwulize jambo kwa Kiingereza: atatazama viatu vyake.

Upeo wa ndoto nao hupimwa hukohuko darasani. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ni watoto wangapi wa Ngomeni walioambiwa na mwalimu kwamba ile nayo ni kazi, na kwamba wao wangeiweza?

Kunipinga, mtanitajia Ronald Ngala, mwana wa Giriama aliyepitia Alliance na Makerere, akawa mwalimu, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa katiba wa Lancaster House jijini London. Sidai kwamba shule za enzi yake zilikuwa pepo ya lugha. Lakini kabla ya siasa alisimama miaka mingi mbele ya darasa, akisema na kusikilizwa, na mwaka 1949, hajafika miaka 30, alikuwa ameshachapisha kwa Kiswahili kitabu kuhusu nchi na desturi za watu wake. Nadhani mtu wa aina hiyo haingii ukumbi wa London akijihisi mgeni wa kila kitu.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Diski ni ngumu zaidi kuifuta, kwa kuwa walioivaa wengine ndio walimu wa leo, na wanaamini kwa dhati kwamba iliwasaidia. Hata semina zangu nilipozifungulia Kiswahili, waliopinga kwanza walikuwa wanafunzi wenyewe. Mmoja aliniambia kwamba akiwasilisha kwa Kiswahili, wenzake watadhani hakusoma.